Sahani Saba za Mzee Hilali

Kibondo,
5 Aprili 1978

Mjukuu wangu Ernesta,

Kuna jambo nimelificha tangu tarehe 9 Desemba 1972. Sikumwambia marehemu mke wangu, sijamwambia binti yangu Tunu anayeniuguza sasa, na polisi waliponiuliza niliwajibu kwa kiapo ili nisiliseme. Nimelitanguliza kabla ya salamu kwa sababu mkono unachoka upesi, na naogopa kwamba nikianza na salamu nitamalizia na salamu.

Barua yako imefika juzi kwa mkono wa utingo wa basi la Kasulu. Nimeelewa kwamba siku ya kazi ya shamba la kijiji mama yako alipika maharage, mzee mmoja akaumwa tumbo, na Odilia, mjane wa Marcel bwana shamba, akasimama mbele ya watu akalitaja jina la mama yako, Immakulata, pamoja na neno sumu. Nimeelewa kwamba halmashauri ya kijiji itakaa Jumamosi tarehe 22 kuamua kama mama yako aondoke Titye, na kwamba wapo wasiotaka kungoja Jumamosi. Unaniomba niwaandikie kuwa aliishi nawe kwangu, akinisaidia jikoni, na ni mtu mwema. Nitaandika. Lakini wema wake haukuwa na shaka hata mwaka ule, na haukumzuia kukaa mahabusu miezi miwili.

Siku ile ya Desemba ulikuwa Titye kwa mjomba wako, kwa hiyo nikueleze.

Unakumbuka nilifanya kazi miaka kumi na miwili chini ya Daktari Nejat, Mturuki wa Izmiri, aliyeletwa huku kupambana na malale. Alinikuta dresa, mfunga vidonda tu, akaniacha mganga msaidizi. Jambo jingine alilonifundisha ni meza yake ya Jumamosi. Kwao, kabla ya chakula chenyewe, huletwa sahani ndogo ndogo nyingi wanazoziita meze, na wakati mwingine chakula chenyewe hakiji kabisa na hakuna anayekidai. Hakuna mwenye sahani yake. Zote hukaa katikati, kila mtu anachovya mkate wake, anaongea, anachovya tena. Alikuwa akisema watu waliokula kutoka sahani moja kwa saa tatu hawawezi kwenda kushtakiana kesho yake. Kwao huandamana na pombe kali. Mimi nilipoirithi meza ile nikaiondoa pombe nikaweka chai.

Alipoondoka nchini niliendelea. Biringanya nilizifukia kwenye majivu ya moto, nikazimenya na kuziponda na kitunguu saumu. Mtindi niliuning'iniza kwenye kitambaa mpaka ukawa mzito, nikaukatia matango. Maharage meupe niliyapika kwa nyanya na kuyaacha yapoe. Njugu mawe nilizisaga na ufuta mahali pa dengu zao. Wali niliufunga kwenye majani ya kabichi, kwa kuwa mizabibu hatuna. Ya sita ilikuwa samaki, migebuka midogo ya kukaanga. Mara ya kwanza nilitumia mawese, yakaganda kwa baridi ya Kasulu, na Dadi mwenye duka akauliza kama tunakula chakula au sabuni. Tangu hapo nikatumia mafuta ya karanga. Watu walicheka chakula kisichokuwa cha moto, lakini walirudi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walirudi, Waislamu na Wakatoliki, wenyeji na wafanyakazi wa serikali waliohamishiwa kutoka mikoa mingine.

Desturi moja ya nyumba ya Daktari niliishika kuliko zote. Mwenyeji huonja kila sahani kwanza, wageni wakitazama, kisha husema afiyet olsun, yaani chakula na kiwape afya. Ndipo wengine wanaponyoosha mikono.

Siku ile ya sikukuu ya Uhuru sahani ya saba ilikuwa uyoga. Marcel aliupenda mno. Dadi hakuugusa, alisema hali kitu kinachoota bila kupandwa. Hakimu, mgeni wangu mwingine, alikuwa na kidonda cha tumbo. Basi wote wakamwachia Marcel, wakamtania kwamba bwana shamba anakula mavuno asiyolima. Baada ya hapo mama yako akamletea yeye peke yake kikombe cha chai ya tangawizi, kwa sababu alikuwa anakohoa. Siku ya nne Marcel akafa.

Watu walipiga hesabu yao. Vya mezani Hilali alivionja vyote na yu mzima. Kilichobaki ni kikombe, na kikombe kilitoka mkononi mwa mkimbizi aliyevuka mpaka mwezi Mei, asiyejulikana baba wala babu yake.

Sasa sikiliza nililolificha. Polisi walidhani uyoga ule ulinunuliwa sokoni, nami sikuwasahihisha. Niliuchuma mimi, asubuhi ile, kwenye miti nyuma ya nyumba. Uyoga ule ndio uliomwua Marcel. Nina hakika kama mganga. Chai ya mama yako haikuwa na kitu.

Nakuomba jambo moja. Usiisome barua hii mbele ya watu mpaka utakaposikia nimekufa. Tumbo limejaa maji na miguu imevimba. Si muda mrefu. Ninaogopa, Ernesta. Nimewaona watu wengi wakifa na nikawaambia wasiogope. Sikujua nilichokuwa nikisema.

Babu yako,
Hilali bin Gharibu


Titye, Kasulu,
9 Aprili 1978

Babu Hilali,

Shikamoo, na pole sana na maradhi. Mama anakusalimu, anasema amahoro, yaani amani.

Babu, nimemsomea mama barua yako nikiitafsiri, tukiwa tumefunga mlango. Usikasirike, yeye si watu. Aliposikia habari ya uyoga alicheka. Sijamwona akicheka tangu mwezi uliopita. Kisha akalia. Akasema, "Bwana Dakitari anataka kufa na mzigo wetu kichwani. Mwambie nimekataa."

Maana yeye alikuwapo. Alisimama mlangoni na birika la kunawisha, na amekuona ukionja sahani zote saba. Uyoga ulikuwa wa mwisho. Anasema mkono ulikwenda sahanini, ukaenda mdomoni, nawe ukatafuna, ukameza, ukasema lile neno la Kituruki. Kama uyoga ungekuwa mbaya ungekufa wewe kwanza. Anasema umetutungia jambo kwa huruma, kama ulivyotutumia sabuni na chumvi kila mwaka, na kama ulivyonikalisha kibarazani kwako ukanifundisha kuandika Kiswahili hiki ninachoandika. Mimi pia nadhani hivyo. Watu wa halmashauri watakuuliza swali hilohilo na hutakuwa na jibu, kisha watasema tumemdanganya mzee mgonjwa.

Lakini kuna jambo mama amelisema jana, na kwangu hajawahi kulisema. Anakumbuka siku ile jikoni alikuambia, "Bwana, uyoga huu simjui mimi," nawe ukamjibu kwamba amezoea wa kwao tu. Alilisema hata kwa polisi, na wewe ukasema hukumbuki. Alikuwa na shaka mpaka alipokuona ukionja. Ulipoonja alijua amekosea. Na tangu hapo, Babu, anajiuliza kuhusu tangawizi. Aliing'oa mwenyewe pembeni ya mtaro, kulikuwa na mimea mingine imesongamana nayo. Anafikiri labda mkono wake ulichanganya. Miaka mitano amekuwa akifikiri hivyo. Sasa naelewa kwa nini kila chakula anachopika anakionja mara tatu kabla sijala, anakaa, ananitazama, na mpaka nimalize hasemi. Nilidhani ni tabia ya utu uzima.

Mama yangu anaogopa mikono yake mwenyewe.

Hapa hali si nzuri. Zamani tulikaa mbali, kila mtu na mji wake, lakini tangu tuhamishiwe kwenye mistari ya nyumba moshi wetu unaingia kwa jirani. Akichota maji, wanawake wanamwaga ya kwao na kusuuza ndoo. Wanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima walikuwa ishirini na sita. Jana walikuja wanne, na mmoja alikuja kuchukua kalamu yake. Balozi wetu wa nyumba kumi ni mtu mwema, lakini naye ameanza kupita njia ya nyuma.

Tuandikie tu kwamba mama ni mtu mwema. Hiyo inatosha.

Mjukuu wako,
Ernesta


Kibondo,
13 Aprili 1978

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyofaa kwa moyo wangu.

Mwambie mama yako sijatunga. Mtu huweza kuonja kipande kidogo sana, kama ukucha, na mwili ukakishinda. Marcel alimaliza sahani. Tofauti ni hiyo. Nimemwandikia leo katibu wa kijiji chenu hivyo hivyo, kwa maneno ya kitabibu: kwamba uyoga niliuchuma mimi, kwamba niliuonja kidogo, na kwamba chai ya tangawizi haiui mtu siku ya nne. Sikungoja kufa, unaona. Nimefanya zaidi ya nilivyokusudia.

Kuhusu aliyoniambia jikoni. Ndiyo, aliniambia. Nilikumbuka siku ile na ninakumbuka leo. Alikuwa ameshika kisu, akageuza uyoga mmoja kwenye kiganja, akasema haujui huo. Nilikuwa na haraka, wageni walikuwa wamefika, na sikupenda kufundishwa na mtu niliyempa kazi. Polisi nilimwambia sikumbuki. Mwombe anisamehe kwa hilo.

Mwambie pia kuhusu tangawizi. Nimekuwa mganga miaka thelathini. Hakuna mmea wa mtaroni Kasulu unaomtuliza mtu usiku mzima, ukamtapisha alfajiri, ukamwacha akapata nafuu siku ya pili mpaka akaomba uji, kisha ukamgeuza macho manjano siku ya tatu. Asifikiri habari hiyo tena.

Tunu ananiuliza kwa nini sili. Amenipondea biringanya kama alivyoniona nikifanya zamani, akaniwekea kwenye sahani ndogo, akaonja mbele yangu ili anichekeshe. Nilimwomba aitoe.

Ninaogopa siku ya Jumamosi kana kwamba ni mimi nitakayesimama pale.

Babu yako,
Hilali


Titye,
16 Aprili 1978

Mzee Hilali,

Shikamoo.

Katibu wa kijiji amenionyesha barua yako kwa kuwa jambo linanihusu. Nimeona niandike mwenyewe, kwa heshima, kabla hujajidhalilisha zaidi.

Mzee wangu, mimi sikuwapo mezani, wanawake hatukuwa tukikaa, lakini Marcel alinisimulia jioni ile ile kabla hajaanza kuumwa. Alisema ulionja uyoga ukafumba macho kwa utamu, naye hakuweza kungoja zaidi. Alikuwa anacheka. Ndiyo maneno yake ya mwisho yenye furaha ninayoyakumbuka. Kisha alipoanza kuumwa ulikuja wewe. Siku nne hukutoka nyumbani kwangu. Ulimwosha kama mwanao, ulimgeuza, ulimshika kichwa. Hukukohoa hata mara moja, hukulalamika tumbo. Siku ya pili alipopata nafuu ni wewe uliyeniambia, "Mama, mshukuru Mungu, amepona," nikaenda kanisani kwa miguu yangu. Na sasa unataka niamini kwamba ni uyoga wako.

Najua unachofanya. Unakufa, na huyo binti amekuandikia maneno laini, na wewe siku zote ulikuwa na moyo wa watu waliovuka mpaka. Sisemi wote ni wabaya. Ndayiragije aliyenijengea nyumba ni mmoja wao na watoto wangu wanamwita mjomba. Lakini yule mwanamke alimpa mume wangu kikombe peke yake, kati ya watu waliokuwa wakila pamoja, na kwenye meza ya kula pamoja hilo ndilo lililokuwa si la kawaida.

Watu wanadhani nina chuki. Mimi nina hofu. Tunachota kisima kimoja. Watoto wangu wawili wanapita mlangoni kwake kwenda shule, na kila siku nawanusa midomo wanaporudi. Unajua maisha hayo? Jumamosi nataka yaishe. Vijana wamekuja kwangu kuniuliza kama nataka wafanye jambo kabla. Sikuwaambia ndiyo. Sikuwaambia hapana pia, na hilo nalo linanitisha.

Usiandike tena, mzee. Jina lako ni safi. Liache hivyo.

Ni mimi,
Odilia, mjane wa Marcel


Titye,
18 Aprili 1978

Babu,

Naandika kwa haraka, basi linapita.

Leo asubuhi tulipokuwa shambani wamechoma jiko letu. Nyumba haikushika kwa sababu ya mvua ya jana. Vyungu vimepasuliwa kimoja kimoja, si kwa moto, kwa mawe. Balozi alikuja akatazama, akasema tusitoke, akaondoka. Tumeweka mchi na kinu nyuma ya mlango.

Barua yako kwa katibu haikusaidia. Odilia aliisimulia kisimani na watu wakasema kama tulivyojua watasema: alionja, yu hai.

Mama hajala tangu jana. Hataki kushika chakula. Asubuhi hii ameniambia ameamua. Jumamosi atasimama mbele ya halmashauri akubali. Atasema ni kweli, ni chai yake, kwa kukosea, si kwa kusudi. Anasema labda ndivyo ilivyokuwa, na hata kama sivyo, watamfukuza yeye peke yake na mimi wataniacha nifundishe. Nimemwambia wakisikia "ndiyo" hawatasikia "kwa kukosea." Amejibu amechoka kuonja.

Babu, nimekaa na barua zako mbili magotini. Ya kwanza umesema una hakika kama mganga kwamba uyoga ndio uliomwua. Ya pili umesema kipande kama ukucha hakiui. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha, kibarazani kwako, kwamba kuna sumu ambayo kidogo chake na kingi chake ni sawa. Nakumbuka hata mkono wako ulivyokuwa ukipima hewani.

Na nilikumbuka jambo jingine. Katika Jumamosi zote nilizosaidia kuandaa, hukuwahi kuonja kitu kidogo. Ulikuwa ukichovya mkate mpaka kwenye vidole, ili wageni waone.

Sitaki kukukosea adabu. Wewe ndiye mtu niliyemwamini zaidi katika nchi hii. Niambie jambo moja tu, nami sitauliza tena. Ulionja, au hukuonja?

Ernesta


Kibondo,
20 Aprili 1978

Kwa Ernesta, naye aisome kwa sauti mbele ya halmashauri ya kijiji, Odilia na Immakulata wakiwapo.

Natia sahihi hapa juu kwanza, kwa sababu sina hakika kama nitaweza kuitia nikifika chini:

Hilali bin Gharibu, mganga msaidizi mstaafu.
Shahidi: Tunu binti Hilali.

Nimemwambia Tunu yote kabla ya kuandika, ili nisiweze kurudi nyuma. Alitia sahihi, akaenda kufunga mzigo. Atapanda basi la kesho asubuhi na kuileta barua hii mwenyewe. Mimi atanilinda jirani, naye ameonywa kwamba huenda Tunu akirudi asinikute. Tunu anajua kwamba huu anaoniacha ndio wakati mbaya zaidi. Amekubali hata hivyo.

Odilia, binti yangu, umeniandikia kwamba jina langu ni safi. Nilipolisoma neno hilo nilimwita Tunu.

Asubuhi ile nilichuma uyoga nikiwa na furaha. Nilikuwa nimemwahidi Marcel sahani ya saba, na nilikuwa nimejisifu mbele ya hakimu. Nilimkabidhi Immakulata kikapu, akaniambia haujui uyoga huu, nami nikamnyamazisha. Akaukata, akautia mafuta ya karanga, limau na chumvi, kama nilivyoagiza. Nikabaki na kikapu mkononi ili nikikung'ute. Chini kulikuwa na kiuyoga kimoja kidogo ambacho hakikuwa kimefunguka. Nilikiangalia. Shingoni kilikuwa na pete, na mguuni kilikuwa kimekaa ndani ya kikombe cheupe kama yai lililopasuka.

Daktari Nejat aliwahi kunionyesha kama hicho, mvua ya mwaka 1953. Alinivuta mkono akaniambia nikiona pete shingoni na kikombe mguuni nisiguse hata kwa fimbo. Najua wenyeji wanakula baadhi ya uyoga wenye alama kama hizo, nao hawafi. Hilo ndilo nililojiambia. Nilisema labda ni ule wao. Nilisimama nyuma ya jiko nikisema labda, na kutoka sebuleni nilisikia Marcel akiuliza kwa sauti bwana mkubwa amejificha wapi na sahani yake.

Ningeweza kuumwaga. Ilikuwa hatua nne kufika shimoni. Nilifikiri juu ya wageni watakaosema Hilali aliahidi saba akaleta sita. Nilifikiri juu ya Immakulata, kwamba nikiumwaga atajua alikuwa sahihi. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyapima, Odilia, na upande wa pili wa mizani alikuwa mume wako.

Nilikificha kile kimoja mfukoni. Nikaibeba sahani mwenyewe.

Nilimtazama Marcel akila. Wengine walicheka na kumtania, mimi nilihesabu matonge. Immakulata alipoleta chai nilifurahi, nikifikiri itamsaidia kama kuna kitu. Chai ile, Immakulata, ndicho kitu pekee mezani siku ile kilicholetwa kwa ajili ya afya ya mtu. Mkono wako haukuchanganya chochote. Unaweza kuacha kuonja.

Alipoanza kutapika alfajiri nilijua. Daktari wa zamu alipoitwa nyumbani kwenu akaniuliza amekula nini, nilimtajia sahani sita. Siku ya pili aliomba uji. Sumu ya namna ile hufanya hivyo. Humpa mtu siku moja ya nafuu wakati inamaliza ini lake. Nilijua hivyo niliposimama mlangoni kwako nikakuambia umshukuru Mungu. Nilikuambia hivyo kwa sababu nilitaka mtu mmoja duniani aniamini, angalau mpaka jioni.

Nilimwosha siku nne kwa sababu nilikuwa nachungulia kama atasema jambo. Hakusema. Alinishukuru.

Kisha watu wakaanza kuhesabu, na hesabu yao yote ilisimama juu ya nguzo moja, kwamba mwenyeji alionja. Nilimwona Immakulata akichukuliwa na mgambo, nguo yake ina vumbi la unga. Polisi alinipa msahafu. Nilikuwa na nafasi ya kuiondoa nguzo ile kwa neno moja, na badala yake niliapa.

Meza ile nilifundishwa iwe ya watu kutoogopana. Mwenyeji huweka mwili wake mbele ya wageni wake, ndiyo maana ya kuonja. Nimewafanya watu wa kijiji kizima waogope chungu cha mwanamke mmoja, nimemfanya Odilia anuse midomo ya wanawe, nimemfanya Immakulata akitazame kila chakula cha mtoto wake kana kwamba ni jeneza. Na mimi nimekuwa nikitumia chumvi na sabuni Titye kila mwaka, nikiitwa mwema.

Leo Tunu ameniuliza jambo moja tu kabla ya kutia sahihi. Ameniuliza kama ninaogopa kufa. Nimemwambia ninaogopa zaidi kwamba kesho nitapata nafuu na kumwita arudi na barua. Ndiyo maana nimemwambia aondoke na basi la kwanza.

Ernesta, uliuliza jambo moja. Sahani sita nilizionja kwa mkate mpaka kwenye vidole, kama ulivyosema. Ya saba niliinamia, wote wakitazama, nikaugusa ukingo wake. Mkono uliokwenda mdomoni ulikuwa mtupu. Nilitafuna mate yangu, nikafumba macho, nikameza, nikawatakia afya.